Vituo vya Deni

Shekiondo alikopa kwangu elfu themanini,
akanilipa mbwa.
Nikamwita Deni. Sasa kila mwezi,
nikipeleka spea za pampu toka Same hadi Tanga,
watu huuliza umekuja na nani,
nami husema nimekuja na Deni,
nao hunipa pole.

Mbwa hana saa, ana kibofu.
Kabla ya Mombo huanza kuguna,
huniwekea kidevu begani kama trafiki
anayetaka kuiona leseni.
Lakini Mombo hapafai: moshi wa mishikaki, honi za mabasi,
na nyuma ya bucha wapo mbwa wenyeji
wasiotambua hati ya kusafiria.
Mara ya kwanza tulitoka mbio,
mimi na kiatu kimoja.

Korogwe tulijaribu karibu na daraja.
Mto umejaa, udongo unateleza,
na mlinzi akaniuliza, kwa upole kabisa,
kama nimekuja kumtupa.
Nikasema hapana.
Akasema wengi husema hivyo.
Tukarudi garini kimya, wote wawili.

Ndipo nikajifunza kuisoma barabara kwa pua yake.
Hale, ukishavuka reli,
iko njia ya trekta katikati ya mkonge,
nyekundu, nyoofu, kama mtu kaipiga rula akaenda kula.
Hapo Deni hushuka kama mwenye shamba.
Hunusa tairi, hunusa nguzo, hunusa jana.
Semboja anayelinda geti humsalimia yeye kwanza,
mimi baadaye, akikumbuka.
Nafuata nyuma, kamba mkononi,
mgongo ukijikunjua pingili kwa pingili,
wala sijui nani kamtoa nani kutembea.
Chunga miiba tu: ncha ya mkonge
iko usawa wa jicho la mbwa.
Dakika ishirini. Halafu maji.

Maji ndiyo yaliyonifikisha Muheza, kwa Mwanamvua,
mezani pake pa machungwa.
Alimwona mbwa, akakusanya khanga,
akarudi nyuma hatua tatu.
“Huyo asinisogelee. Nguo hizi nasalia.”
Nikaomba radhi, nikavuta kamba.
“Nimesema asinisogelee,” akasema. “Sijasema afe kiu.”
Akachukua kifuu, akakijaza, akakitua chini,
akakisukuma kwa mpini wa fagio
hadi pale kivuli cha kibanda kinapoishia.
Deni alikunywa kwa kelele, kama bomba bovu.
Nilipotaka kumrudishia: “Kirudi wapi? Kiache hapo hapo.”
Nikanunua machungwa ya elfu mbili
kwa aibu, si kwa hamu.

Mwezi uliofuata sikutarajia kitu.
Kumbe kifuu kile kimetundikwa msumarini,
ukuta wa nje, mbali na vyombo vyake,
kimetobolewa ukingoni, kimetiwa kamba ya katani,
na juu yake, kwa mkaa: DENI.
Wateja wakilisoma hudhani wanakumbushwa wao.
“Tena wanalipa,” aliniambia akicheka,
fagio mkononi,
hatua zake zile zile tatu.

Kutoka pale hadi Tanga hatusimami.
Deni hulala, ndevu bado zimelowa,
na gari zima linanuka maganda ya chungwa
na mbwa.