Kilo Tisa na Robo

Kwa Shomvi wa chuma chakavu, Vingunguti,
mzani haubagui:
nondo ni kilo, sufuria ni kilo,
na injini iliyowahi kuunguruma ni kilo.
Akaitupa sahanini, mshale ukatetemeka.
"Tisa na robo. Robo nakuachia."
Nikalipa tisa, nikaiweka begani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi harusini.

Niliijua.
Ilikuwa jenereta ya saluni ya Mwinjuma.
Enzi za mgao, umeme ukikatika
yenyewe hudakia pale mlangoni, tararara,
na kichwa kilichonyolewa nusu kikapata nusu yake.
Moshi wake niliumeza miaka mitatu,
mimi na pampu yangu ng'ambo ya mtaro,
nikiziba pancha za watu waliokuwa bado na baiskeli.

Siku hizi Buguruni nzima imepanda bodaboda.
Nikikaa kutwa napata pancha mbili,
moja ya toroli.

Basi nikaishusha Swala ya marehemu baba,
iliyoning'inia ukutani tangu arobaini yake.
Kutu nikaisugua kwa mchanga na ndimu.
Mkanda ni wa mashine ya kusaga,
bado una unga kwenye mikunjo.
Tangi ni dumu la mafuta ya kula,
alizeti ingali imechanua ubavuni.
Ekzosi, kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari.
Waya wa mafuta, bajaji iliyogongwa Tabata.
Puli sikuipata popote,
nikachukua ringi ya baiskeli ya mtoto
nikaifunga kwenye spoku za gurudumu la nyuma,
waya mmoja, spoku moja,
spoku thelathini na sita,
nikamaliza muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti.

Pazi akachomelea kitako cha injini bila miwani,
jicho moja amelifumba,
kana kwamba moto una deni na jicho moja tu.

"Unaunda nini," Zamda akauliza, ungo mkononi,
"jeneza la kwenda haraka?"
Lakini usiku ndiye aliyeshika tochi ya simu,
na nilipoinua macho niliona
hamuliki injini,
anamulika vidole vyangu.

Jumapili, saa kumi na mbili, kabla ya trafiki.
Petroli lita moja, oili vifuniko viwili.
Nikapiga pedali mpaka kwenye nguzo ya umeme,
nikavuta wenzo.
Ikakohoa. Ikakataa.
Nikarudi mwanzo, nikapiga tena,
na mtaa mzima ukaisikia ile sauti ya zamani.
Mwinjuma akatoka na mswaki mdomoni:
"Umeme umekatika?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshampita.

Barabara ya Mandela, upepo ndani ya shati,
matenga ya kuku yananitazama,
na miguu yangu, jamani, miguu yangu
sikujua niiweke wapi.
Miaka arobaini na sita imezunguka
bila kuuliza.
Sasa imekaa tu, kama wageni
waliofika kabla chai haijachemka.

Kwenye mwinuko wa Tazara mkanda ukaanza kunuka
ugali ulioshika chini ya sufuria.
Kisha kimya.
Vijana wa bodaboda kijiweni wakapiga miluzi:
"Mzee! Sukuma hiyo!"

Sikusukuma.
Pikipiki ikizimika ni mzigo.
Hii yangu ikizimika ni baiskeli.
Nikageuza usukani, nikakanyaga,
kilo tisa na robo za Mwinjuma
zimekaa kifuani mwa Swala, zinabebwa.

"Imefika wapi?" Zamda, mlangoni.
"Tazara."
"Na kurudi?"
Nikamwonyesha miguu.
Hakucheka. Alichuchumaa, akagusa, akaungua,
akafungua plagi kwa pindo la kanga,
akaigeuza juani. Nyeusi kama punje ya pilipili manga.
"Oili umezidisha," akasema,
akaingia ndani kutafuta mswaki wa zamani.