Testa ya Mfukoni

Saa kumi na mbili asubuhi Katuba bado ina giza,
si la usiku, usiku umeshaondoka;
hili ni la kwetu, jina lake delestaji,
mpangaji asiyelipa na asiyehama.

Ngazi begani. Numbi nyuma yangu na gunia:
koleo, fuzibo, utepe mweusi,
na mita sita za waya niliyonunua soko la Kenya.
Jana niliikwangua kwa kisu:
nje rangi ya shaba, ndani alumini.
Hapa. Hapa hapa, ambapo ukichimba choo
udongo unakuja na kijani.

Juu ya barabara nyaya za mgodi zinavuma,
zinapita na umeme wao
kama msafara wa mkubwa, vioo vyeusi,
hausimami.
Chini yake mama anapuliza makala.

Kwa kinyozi, redio ya betri iko macho:
wajumbe wamepeana mikono,
mstari wa mbele umetulia.
Kinyozi ananyanyua wembe, mteja shingo nje:
“Fundi, wewe unaamini?”

Nilimwonyesha dole gumba.

Mwaka ule, kabini ya Kampemba, mkubwa wangu alisema,
“Panda, tumeshakata.”
Nikapanda.
Tangu siku hiyo dole hili ni laini kama kijiko,
na siku ya kujiandikisha mashine ililikataa mara tatu.
Karani akaniambia, “Mzee, huna alama.”
Alama ninayo, nilimwambia. Ndiyo hii.

Kwa hiyo siamini waya inayosemwa imekufa.
Naitoa testa, naigusisha, natazama kitaa chake.
Ni kazi tu, si hekima.
Ila habari za saa moja hazina ncha
ya kuwekea testa.

Mtaani kwetu watu wazima husema kuran,
watoto huimeza ile nuni ya mwisho:
“Kura imekatika! Kura imerudi!”
Tunawacheka. Kisha tunanyamaza kidogo.

Kwa Mama Masengo panya walikula ganda la waya darini.
Tangu Jumapili simu yake imelala kabatini,
na mwanawe, Twite, ndiye wa kupiga,
yuko huko mashariki, mwezi wa nne sasa,
kwenye huo mstari uliotulia.
Nilitambaa juu ya dari hadi magoti yakawa meusi.
Nilifunga, nikapima, nikafunga tena.
Tukangoja.

Saa tisa na dakika kumi watoto wakapiga kelele barabara nzima.
Balbu ikawaka,
na redio iliyosahauliwa wazi juu ya friji
ikaingia katikati ya sentensi, bila hodi:
“…waendelee na shughuli zao kama kawaida.”
Sauti nene, iliyoshiba.
Siku nzima nimekwaruzwa na misumari
ili bwana huyu apate pa kusemea.

“Fundi,” Mama Masengo akasema, “taa niachie.
Hiyo inayosema, ikate.”

Nikaikata.

Simu kwenye chaja, nukta nyekundu.
Akaishika kwa mikono miwili, kama kikombe cha uji.
Nilikuwa nimemaliza, lakini nikaendelea kukaza skrubu
iliyokwisha kukazwa,
na Numbi, ambaye huwa na haraka ya kula,
akakunja waya polepole, akaikunjua, akaikunja.

Kioo kikawaka. Ujumbe ukalia.
Kampuni ya simu inampongeza: ameingia kwenye bahati nasibu.
Wa pili, kampuni tena.

Akanilipa nusu.
Nusu iliyobaki, tulikubaliana,
Twite akipiga.
Nimeiandika daftarini kwa kalamu ya wino.
Sijawahi kulitaka deni namna hii.