Pikseli Tatu

Julai, mjini Valdivia, mvua hainyeshi: inamwagwa.
Vioo vya ofisi vilitokwa jasho,
nami nilikuwa nimepata alama ya kijani,
hakuna kosa, hakuna onyo,
ukurasa umenyooka kama shuka la wodi.

Na ulikuwa wa wodi kweli:
zamu za kusafishwa damu,
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
visanduku vitatu bega kwa bega
vikielea kwa amri ya laha ya mitindo,
bila jedwali.
Jedwali nililipiga marufuku mwaka mzima,
hata pale viwango vyenyewe vingeniruhusu.
Nilikuwa mkali kuliko sheria niliyoitetea,
kama wale wanaohesabu mizani za shairi kwa vidole
wasisikie linalosema.

Simu ikalia kutoka Panguipulli.
Muuguzi Ruperta Huenchumán, sauti ya mtu asiyeketi:
"Don Nicanor, Jumamosi imeanguka."
Imeangukaje?
"Imeanguka. Majina yake yamelala chini ya Jumanne.
Mzee Abelardo amekuja leo."
Leo ilikuwa Jumanne.
Saa tatu za basi, viatu vimejaa maji,
na mashine zote nne zina watu.

Nikajibu nilivyojibu. Siwezi kulifuta.
Nilisema: kivinjari chenu ndicho kibovu.

Eliana Curiqueo, mdogo wetu ofisini,
hakusema neno. Alichukua koti na rula.
Rula! Nikacheka.
Akapanda basi la saa kumi na moja alfajiri.

Alichokikuta alinisimulia baadaye, kwa vipande:
kompyuta rangi ya jino la mvuta sigara, chini ya ngazi,
kivinjari cha zamani kilichofungwa kufuli na wizara,
na neno la siri alikufa nalo fundi mmoja wa Temuco.
Akaweka rula juu ya kioo.
Pambizo niliyoiandika pikseli kumi
kikongwe kile kiliisoma ishirini,
upande wa kushoto tu, kwenye kisanduku cha kwanza tu,
kama mtu mwenye sikio moja zima.
Akiba niliyoacha ilikuwa saba.
Zilipungua tatu. Jumamosi ikashuka.

Aliandika mstari mmoja.
Vivinjari vipya viliupita
kama mpita njia apitavyo tangazo la jana;
kwa kikongwe ulikuwa dawa.
Nikaukagua mara mbili nikitafuta kosa,
nikilitamani.
Kijani.

Wa pili ndio ulioniuma.
Ulianza na kistari cha chini, hila isiyojificha,
kwa sababu kule chini ya ngazi
jina la mwisho la kila siku lilitoweka
mpaka mtu aliguse kwa kipanya,
na wagonjwa hawagusi kompyuta ya serikali.
Nyekundu. Kosa moja.

"Ondoa huo," nilisema.
"Jina la mwisho Alhamisi ni la nani?"
Sikujua.
"Basi," akasema Eliana, akavua koti lililolowa.

Ukurasa ule uliishi miaka tisa na kosa lake.
Juu ya kosa aliacha maelezo ambayo mashine haziyasomi:
*Kwa ajili ya ile ya chini ya ngazi. Ikifa, futa.*

Ilikufa mwezi Machi. Ruperta alinipigia
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba,
kisha akacheka, kisha akanyamaza.
Eliana alikuwa amekwisha kuhamia kwingine.
Nikafungua faili. Kidole juu ya kitufe.

Lakini kwanza nikateremka kwenye Alhamisi,
jina moja moja, hadi chini kabisa,
nikalisoma kwa sauti katika ofisi tupu:
Zunilda Catrileo, saa nane mchana.

Ndipo nikafuta.