Kuanzia Leo, "Safi" Ni Tusi

Tulianza watu wanne na simu tatu;
ya nne ilikuwa ya shemeji yake Mwashi,
hurudishwa kabla ya taarifa ya habari.

Mimi nilikuwa Isevya, Tabora mjini, ndoo mbili uani,
nachemsha gome la mninga.
Nilitaka wekundu, damu yenyewe ya mti.
Kitambaa kikatoka rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nikakipiga picha hivyohivyo, na aibu yake,
nikakituma.

Mwashi, mfinyanzi wa Usoke, akajibu kwa sauti,
nyuma yake mbuzi wanagombania pumba:
"Dada, hiyo siyo chai.
Hiyo ni njia ya Sikonge mwezi wa tisa,
lori likishapita. Usikifue."

Usiku ule nililala nimekifunika miguuni.

Tukaongezeka. Ntakije wa Uvinza,
anayesuka matete ya Malagarasi.
Mihambo wa Urambo, aliyechoka kuchonga twiga wa kuuza
akachonga mbegu: mbegu moja tu,
kubwa kama mtoto wa miezi sita, naye huibeba vivyo hivyo.
Mkunga wa Ndala, ambaye zamu ikitulia
huchora uyoga nyuma ya kadi zilizoharibika.

Kisha sifa zikatuvamia.
Safi. Safi sana. Hongera. Dole gumba. Dole gumba. Moto.
Wiki mbili nzima hakuna aliyejifunza kitu.
Mihambo akaandika kwa herufi kubwa:
KUANZIA LEO "SAFI" NI TUSI.
MTU ASEME ALICHOKIONA.
ASIYEONA AANGALIE TENA.

Wawili wakatoka kwa hasira.
Mmoja alirudi.
Huko nje, alisema, wananisifu tu.

Basi hivi ndivyo tunavyopendana:
Mdomo wa chungu hiki unaogopa.
Mkunga, uyoga wako una kivuli cha adhuhuri
na umande wa alfajiri. Chagua.
Ntakije, mstari wa saba msuko umelegea. Ulikuwa umekula?

Akakawia kujibu.
Sikuwa nimekula.

Siku ya tatu treni ya Kigoma ikamshushia
karanga za Urambo na chupa ya asali,
kizibo kimefungwa kwa uzi wangu wa rangi ya chai.
Naye akanirudishia chumvi, kilo mbili, na kikaratasi:
Tia kwenye maji ya gome. Usiniamini. Jaribu.
Nilijaribu. Wekundu ukaja,
si wa damu,
wa udongo uliotoka kunyeshewa.

Januari, mvua ikaingia kwenye kibanda cha Mwashi
kabla ya kuchoma.
Vyungu arobaini vikarudi vilikotoka.
Hakutuambia. Tulichoona sisi ni alama moja ya kijivu
kando ya kila ujumbe, siku kumi na tisa.
Mimi niliandika, nikafuta.
Niliandika "pole", nikaiona nyembamba, nikafuta.
Najua hata wengine: usiku ule kioo kilikuwa kinasema
Mkunga anaandika,
Ntakije anaandika,
na hakuna kilichofika.

Mihambo akapanda baiskeli mpaka Usoke.
Akamkuta anapukuchua mahindi.
Akakaa upande wa pili wa ungo, akapukuchua.
Jioni akatutumia neno moja:
Yupo.

Siku ya ishirini ikaja picha, bila maneno.
Bonge la udongo, lililowahi kuwa chungu,
na juu yake jani la mtundu limeanguka,
limelala kifudifudi, limeloa.

Hakuna aliyetukana kwa kusema safi.
Tuliangalia. Tukaangalia tena,
kila mtu kwenye mwanga wake,
mmoja kwa kibatari, mwingine chini ya taa ya wodi.
Mwishowe mkunga, ambaye kwa kazi yake
hajui kuogopa kinachosubiri kutoka, akaandika:

Linyanyue taratibu, Mwashi.
Tuone limeacha nini.