Jina la Pili

Napeleka barua Mtaa wa Wafumaji mwaka wa kumi na tisa sasa.
Watu nawajua kwa bahasha zao:
nani kachelewesha gesi, nani kafiwa,
nani bado anakumbukwa na mwanawe aliye ng'ambo.
Bogumiła wa ghorofa ya nne ni wa bahasha zenye mstari mwekundu.
Januari hii zilikuwa tatu.

Siku hiyo kipimajoto cha duka la dawa
kilisema kumi na saba chini ya sifuri.
Łódź nzima ilikuwa imefumba mdomo.
Tramu ilikata kona ikilia kama kisu juu ya sahani,
na mimi, glavu mbilimbili kila mkono,
nikakuta kwenye sanduku namba kumi na moja
kipande cha daftari kilichobandikwa kwa plasta ya kidonda:
B. WRZOS
na chini yake, kwa wino mwingine,
W. SROKA.

Majirani walishaanza.
"Kapata bwana uzeeni," alisema mama wa ghorofa ya pili,
akichekea ndani ya skafu.
Sikujibu. Posta hulipwa kwa kufikisha, si kwa kudadisi.
Nikapanda ngazi nikadadisi.

"Hakai hapa," alisema Bogumiła,
kavaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe.
"Yuko kwenye bustani za kukodi, ng'ambo ya reli,
katika kibanda cha kuwekea majembe.
Nilimpelekea supu, akanywa.
Nikampelekea blanketi, akashukuru, akamfunika mbwa.
Kule kwenye makazi ya baridi mbwa hapokelewi,
naye bila Kluska hang'oki.
Nikamwuliza, basi nikuletee nini, Wacław?
Akakaa kimya, mvuke ukimtoka puani.
Akasema: anwani."

Anwani.
Miaka thelathini na minne alitia mafuta mashine za kufumia;
pensheni yake ipo, imelala ofisini kwenye joto,
ila haimwendei mtu asiye na mlango.
Fomu ina kijisanduku, kijisanduku kinataka mtaa na namba.
Huwezi kuandika humo:
kibanda cha tatu, ukipita mtofaa uliokatwa.

Wanaosema kutoa ni moyo
hawajauona moyo ukihesabu sarafu usiku,
ukizipanga, ukizipangua, ukizipanga tena.
"Blanketi jingine lingenishinda," alisema,
"hata la mtumba, la kupimwa kwa kilo.
Lakini hili aliloomba
naweza kumgawia na lisipungue."
Akazitazama zile tatu mkononi mwangu.
"Maadamu hawajanitoa," akaguna, akafunga mlango
upesi, joto lisitoroke.

Februari, siku ya Alhamisi, ikaja ya Sroka.
Nyeupe, nene, yenye kidirisha.
Kanuni yasema: sandukuni, basi.
Kanuni haijui Bogumiła alikuwa kalala na homa,
haijui theluji ng'ambo ya reli ilifika magotini.
Nikavuka.

Kluska alinibwekea kama anavyombwekea posta mbwa yeyote,
mwenye nyumba au asiye nayo.
Mzee akatoka, ndevu zina barafu,
akaipokea kwa mikono miwili
na hakuifungua.
Alisoma kidirisha tu, polepole, midomo ikicheza:
jina lake, Mtaa wa Wafumaji, kumi na moja.
"Wameandika herufi zote," alisema.
Akasoma tena.

Ndani kuliandikwa nini, sijui hadi leo.
Nilikuwa nimeshageuka, kituo cha kwanza cha zamu kikinisubiri,
aliponiita.
"Na zake yeye? Zile za mstari mwekundu.
Zimebaki ngapi?"

Moja tu, nikasema.

Mkobani, begani mwangu,
ilikuwamo ya nne.