Bodi Mbili, Ardhi Moja

Idwal alitaka chini, Gethin alitaka juu.
Mama yao hata mwaka hajatimiza kaburini,
nami nimeitwa na mkoba wangu wa vyuma
kuipasua nyumba katikati kwa waya.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Mimi, Mererid, nilichukua bisibisi.
Mvua ilinyesha kama inyeshavyo kila Jumanne bonde la Conwy,
kondoo wamejibanza ukutani, sufu chapachapa.

"Nataka bodi yangu," alisema Idwal, "isiyogusana na yake."
Gethin, kutoka ngazini: "Mwambie hivyo hivyo."

Mita ni moja. Fyuzi kuu ni moja, na ina lakiri
ya kampuni, si yangu kuivunja.
Niliwangoja wenyewe hadi saa saba. Wakaja, wakaing'oa,
ndipo nikapima:
kwanza kipimo chenyewe, kwenye chanzo nikijuacho kuwa hai,
halafu nyaya,
halafu kipimo tena,
maana kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri,
na sifuri ya uongo imezika mafundi
wenye mikono mizuri kuliko yangu.

Nyaya nene kutoka kwenye mita, fupi kadiri ya uwezo,
zikaingia swichi ya kukatia vyote,
kisha kigawio: moto mmoja unaingia, miwili inatoka,
na nyutro vivyo hivyo.
Nikakaza skrubu. Nikauvuta waya. Nikakaza tena.
Skrubu iliyolegea haigombi wala haipigi kelele.
Hupata joto polepole, mwaka baada ya mwaka, nyuma ya kifuniko,
kama neno lililotamkwa siku ya mazishi.

Kilichonishika ni taa ya ngazi.
Marehemu baba yao aliifunga mwenyewe, na waya aliobakiza zizini:
moto ameuchukua juu, nyutro ameirudisha chini.
Zima bodi ya chini, fungua ile nyutro ukidhani imelala,
na moto wa juu unashuka kupitia taa
hadi kidoleni mwako.

Nikawaita wote wawili.
"Kuazimana nyutro hakuna. Taa hii ni ya nani?"

Kimya. Mvua tu juu ya paa la mawe.
Idwal akatazama buti zake.
"Mpe yeye. Ndiye anayepanda gizani."

Nikavuta waya mpya. Saa mbili nzima, vumbi la chokaa machoni,
na Gethin amenishikia kurunzi bila kuombwa.

Jioni Idwal akaonyesha ule wa kijani na njano,
unaotoka bodi zote mbili hadi kwenye kitako kimoja cha shaba,
na kutoka hapo hadi bomba la maji, bomba la gesi.
"Na huo? Hujaugawa."

"Ardhi haigawanywi," nilimwambia.
"Siku moto ukipotea njia
utafute mlango mmoja, mpana, wa kutokea."

Nikabandika kibandiko juu ya kila bodi:
NYUMBA HII INA BODI MBILI. UKIZIMA HII, ILE INGALI HAI.
Nikabonyeza vitufe vya majaribio, kinga zikaruka, zote,
tak, tak, kama inavyopasa.

Idwal akawasha birika chini.
Juu, Gethin akawasha lake.
Mita ikawahesabia pamoja.

Bili itakuja kwa jina la mama yao.
Hilo halikuwamo kwenye mkataba wangu.