Mstari Usiovutika

Saa mbili asubuhi, Gerezani, nyundo zimeshaamka.
Mimi niko ghorofani, juu ya karakana:
feni moja, kioo kimoja, kipanya kilichofungwa kwa utepe.
Nachora tranka.
Tranka sitini za wasichana wa bweni. Januari haingoji,
na Bi Shamte ameshapokea malipo ya awali
na ameshayatumia.

Naanza na bati bapa, unene milimita moja na nusu.
Nabonyeza ukingo, ukuta unasimama.
Nabonyeza mwingine. Unasimama.
Kwenye kona nakata kijidirisha, upana wa punje ya mtama,
bati lipate pa kupumulia likikunjwa,
la sivyo linachanika kama kanzu mpya kwapani.
Hili nilifundishwa chuoni. Hiza, kule chini,
alifundishwa na kidole chake cha shahada,
ambacho hakina ncha.

Halafu programu inauliza swali lake.
Nje ya mkunjo bati linavutika,
ndani linabanwa,
na humo katika unene wake umo mstari mmoja
usiovutika wala kubanwa.
Upo wapi?
Nikajibu: nusu kwa nusu.
Nani asingejibu hivyo?
Nikabonyeza kunjua,
tranka ikalala chali, mikono na miguu kando,
safi, bila kovu.
Nikatuma mchoro chini.

Walisema samaki mkunje angali mbichi.
Bati halina ubichi.
Likishakunjwa limekunjwa; ukilinyoosha
linabaki na ule ufito mweupe,
kama paji la uso la mtu aliyedhulumiwa shamba.

Saa tisa Hiza akapanda ngazi.
Hakusema. Aliweka tranka juu ya meza yangu,
akaweka mfuniko,
akavisogeza polepole, kama anayepatanisha mawifi.
Havikuoana.
Kila mkunjo ulizidi kwa unywele, nusu milimita;
mikunjo minne; milimita mbili.
Na mabati kumi na tisa yalikuwa yamekwisha kukatwa.

Bi Shamte alikunja uso. Mimi nilikunja mikono.
Hiza peke yake alibaki mkunjufu.
"Mchoraji," akasema, "umelichora bati bila kulisalimia."

Tukashuka. Akakata vipande vitano vya sentimita kumi kumi,
akavikunja kimoja kimoja kwenye mashine ya mkono,
nami nikavipima kwa kalipa,
jasho likidondokea tarakimu.
Umeme ukakatika. Tukahamia mlangoni,
kwenye mwanga wa mtaa na moshi wa muuza mihogo,
nikapiga hesabu kwa chaki sakafuni
huku wapita njia wakiikanyaga.

Mstari haukai katikati.
Upo ndani zaidi, theluthi tu ya unene,
upande wa kinachobanwa.
Miaka mitatu ya chuo nilidhani
asiyevutwa wala kubanwa
hukaa mbali sawasawa na wote wawili.

Umeme uliporudi niliifuta ile nusu,
nikaandika sifuri nukta tatu tatu.
Kiooni hakikubadilika kitu:
tranka ileile, kivuli kilekile.
Bati pekee ndilo lingejua.

Yale kumi na tisa? Mudrika wa karakana ya jirani
kayachukua kwa bei ya kilo, atayafanya vihori vya kuku.
Kuku hawaulizi mfuniko.
Mimi nimekatwa elfu thelathini.

Na sasa nasikia mashine kule chini,
tup, kimya, tup,
upande mfupi kwanza, kisha mrefu,
maana ukitangulia mrefu, mfupi haupati pa kuingilia.
Hilo nalo liliniponyoka.
Hiza kaliandika kwa msumari
pembeni mwa karatasi yangu,
moja, mbili, tatu, nne,
wala hajaniambia.